Magharibi ya Saa Sita Mchana

Kabla hujamcheka Maftaha, fundi mitambo wa redio yetu, naomba ujue kwamba ana cheti. Alikipata Mtwara, akakitia kwenye fremu, akakitundika juu kabisa ya mlango wa chumba cha mitambo, mahali ambapo huwezi kukisoma bila kupanda kiti. Mimi nilipanda. Kinasema alihudhuria mafunzo. Kama alielewa kitu au hakuelewa, cheti hakisemi, na tangu siku hiyo nami sikuuliza.

Jina la redio silitaji, maana mwaka huu limeshatajwa vya kutosha misikitini. Itoshe kujua kwamba iko Kilwa Masoko, ina mnara mmoja, studio moja, na kiyoyozi kimoja ambacho ni cha meneja. Ile sauti ya kike inayokukaribisha kila baada ya kipindi ni yangu, Maimuna. Niliyasema maneno yale mara moja tu, yakarekodiwa, na siku hizi kompyuta inayasema kwa niaba yangu hata nikiwa nyumbani nachambua mchele.

Maftaha ni mtu wa Mchinga. Kwao wanavua na wanakwea minazi, lakini yeye bahari inamtapisha na mnazi unamtia kizunguzungu, kwa hiyo ilibidi asome. Alianza ufundi kwa kutengeneza redio za wazee wa kijijini kwa kuzipiga kofi ubavuni, na nina ushahidi kwamba mbinu hiyo hajaiacha mpaka leo. Mafundi wengine huuliza chombo kilifanya nini kabla hakijaharibika. Maftaha hana muda wa maswali, yeye hutoa hukumu: "Tatizo ni mfumo." Printa ikigoma, mfumo. Umeme ukikatika, mfumo. Mkewe, Zuhura, ambaye ni shoga yangu tangu shule, aliniambia kuwa hata siku bwana huyu alipounguza maharage alisema ni mfumo wa jiko.

Jambo jingine la kulijua ni kwamba Maftaha hafungi. Ana vidonda vya tumbo. Ni vidonda vya ajabu kidogo, maana vinaandama pamoja na mwezi: Shaabani nzima anakula pweza wa kukaanga, pilipili na maembe mabichi kwa chumvi, lakini Ramadhani ikiingia tu, tumbo linaanza kumkata. Basi mchana hujifungia chumba cha mitambo, anasema anakagua, na harufu ya mihogo ya kukaanga inapita chini ya mlango mpaka kwetu tuliokauka midomo. Ofisi nzima tulijua. Zuhura alijua na alikuwa amechoka kugomba. Mtu mmoja tu ndiye ambaye Maftaha alidhani hajui, na ndiye mtu pekee anayemwogopa hapa duniani, yaani mama mkwe wake.

Bi Biasha anakaa Kiranjeranje, shambani, mbali kidogo na barabara. Presha ya macho ilimchukua macho yote mawili. Baada ya hapo madaktari wakamkataza kufunga kwa sababu ya dawa zake, akawa kila Ramadhani analisha masikini kama dini inavyotaka, na kila akilisha anaona uchungu, kwa sababu tangu usichana wake hajawahi kula mchana wa mwezi ule kwa kupenda. Mwaka huu daktari alimruhusu. Alizunguka kwa majirani na fimbo yake kuwapa habari hiyo. Alisema atafunga mwezi mzima asidondoshe hata siku moja, maana hajui kama mwakani atakuwepo. Zuhura alijaribu kumwambia afunge mbili tatu apumzike. Bi Biasha akamwambia mwanawe kuwa kupumzika kupo, tena kwa muda mrefu sana, na hakuna haja ya kukukimbilia.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Msikiti uko mbali na nyumba yake, na upepo ukigeuka adhana haimfikii. Asiyeona atajuaje jua limezama? Hapo Maftaha akaona nafasi ya kujipatia sifa ukweni. Alimnunulia redio ndogo ya betri, akaiweka kwenye masafa yetu, akakizungushia utepe wa gundi kile kitufe cha kuhamisha stesheni. Siku ya kumpelekea nilikwenda nao, nikayasikia kwa masikio yangu.

"Mama," alisema, "hii ndiyo saa yako. Ikiadhini Magharibi, wewe futuru. Mtambo wangu haukosei."

Bi Biasha aliipokea kwa mikono miwili. "Nimekuamini, mwanangu," akasema.

Sasa nikueleze huo mtambo usiokosea. Programu inayorusha vipindi vyetu tunaiita Ratiba. Iliandikwa na kijana mmoja wa Kizungu aliyekuja kujitolea, akakaa muda wa kutosha kuungua na jua na kujifunza kusema "pole pole", kisha akarudi kwao, na barua pepe zetu hajibu. Ratiba inaishi ndani ya kompyuta nene ya zamani ambayo haijaunganishwa na mtandao, kwa sababu kila ilipounganishwa iliugua. Kibetri chake cha ndani, kile kinachoikumbusha saa, kilikufa siku nyingi. Kwa hiyo kila ikizimwa na kuwashwa huamka ikidhani ni usiku wa manane wa mwaka ambao mimi nilikuwa bado sijaolewa, na Maftaha anatoa simu yake mfukoni, anatazama, anaiwekea saa kwa mkono. Vibetri vile vinauzwa hapa hapa Masoko, duka la tatu kutoka stendi. Lakini tatizo ni mfumo.

Pamoja na uzee wake, Ratiba ilikuwa haijatuangusha. Adhana zote tano, taarifa za habari, matangazo ya vifo, kila kitu kilitoka kwa wakati wake. Juu ya kompyuta Maftaha alikuwa amebandika karatasi yenye neno moja kwa herufi kubwa, USIGUSE, nasi hatukugusa.

Aliyegusa ni meneja, Bwana Yasini, na hakugusa kwa mkono wake, maana mameneja hawagusi. Asubuhi moja ya Ramadhani, mvua ya masika imefunga anga tangu alfajiri, alituita kikaoni akatwambia kwamba mchana tutapata wageni kutoka Lindi. Wanapita kwenye ofisi na vituo kuona nani anaienzi lugha ya taifa na nani anaitamka tu.

"Nataka kila kompyuta iwe kwa Kiswahili," alisema. "Mgeni asione neno la Kiingereza kwenye skrini. Hiyo ndiyo deadline yetu, saa nane."

Agnes, karani wetu, binti wa wakulima wa huko milimani, ambaye ana tabia mbaya ya kufikiri kabla ya kuitikia, akauliza, "Hata ile ya Ratiba?"

"Kwani Ratiba siyo Mtanzania?"

Hapo ndipo fundi mwenye cheti angesimama akasema, mheshimiwa, ile haiguswi, karatasi niliiandika mwenyewe. Maftaha alisema, "Hilo dogo, bosi."

Na kweli lilikuwa dogo. Alibofya hapa na pale, kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikaamka na Kiswahili chake. Kisha akaifungua Ratiba. Ratiba ikatoa kisanduku kidogo chenye maneno ya Kiingereza, kwamba imekutana na kosa namba kumi na tatu, vitu havilingani, ikajifunga. Redio ikawa kimya. Mimi nikakimbilia studio, nikachomeka kaswida zangu za kwenye flashi, nikazungumza moja kwa moja na wasikilizaji kama watangazaji wa zamani walivyokuwa wakifanya kabla hatujawa wa kisasa.

Katikati ya kaswida nilikuwa nachungulia kushuhudia ufundi. Kwanza aliipiga kofi. Ilipokataa kofi, aliizima na kuiwasha. Akaipuliza vumbi. Akabadilisha nyaya. Akasema ni chumvi ya bahari imeingia ndani, akaifungua kuitafuta, hakuiona. Akasema ni birika la Agnes linavuta umeme, Agnes akachomoa birika ambalo Ramadhani yote lilikuwa halijachomekwa. Akaisimika Ratiba upya kutoka kwenye sidii ambayo kwa muda mrefu ilikuwa inawekewa vikombe. Kosa namba kumi na tatu likarudi vile vile, bila hasira.

"Si ilikuwa nzima kabla ya kubadilishwa lugha?" Agnes aliuliza.

"Lugha ni nguo tu, Agnes. Ukibadili nguo unakuwa mtu mwingine?"

Agnes akarudi kwenye meza yake. Lakini nitampa Maftaha haki yake, kwa sababu baada ya muda alinyamaza kulaumu vitu, akavuta kiti, akakaa mbele ya skrini, akafikiri. Ni jambo nisilomwona akilifanya mara nyingi na lilimpendeza. Akagundua kwamba Ratiba kila dakika huiuliza kompyuta, saa ngapi sasa? Miaka yote kompyuta ilikuwa inaijibu kwa mtindo wa Kiingereza, na tarehe na saa zikiwa zimepangwa Kiingereza. Sasa ilikuwa inaijibu kwa Kiswahili, na Ratiba, ambayo ni mzee asiyejifunza lugha ukubwani, ilisikia isichokijua ikazirai. Dawa yake ni kuiacha skrini na Kiswahili chake ili mgeni afurahi, halafu kwenda kwenye kona nyingine ya mipangilio na kurudisha mtindo wa tarehe na saa peke yake kuwa wa Kiingereza.

Ni dawa sahihi. Kazi ilikuwa kuifikia hiyo kona. Maftaha njia zote za ndani ya kompyuta alizijua kwa Kiingereza, na sasa kila mlango ulikuwa umebandikwa jina la Kiswahili ambalo bibi yake hajawahi kulitamka. Aliniita kutoka studio.

"Maimuna, 'umbizo la kikanda' ni nini?"

"Wewe ndiye fundi."

"Wewe ndiye mtangazaji. Si Kiswahili hiki?"

Tukabahatisha wote wawili, mswahili wa Mchinga na mswahili wa Kilwa, tukifungua mlango mmoja baada ya mwingine katika lugha ya mama zetu, mpaka tukapata. Akabadilisha, akaiwasha kompyuta upya, Ratiba ikafunguka bila kisanduku. Maftaha akashusha pumzi. Akasema alijua tangu mwanzo.

Ilibaki kazi ndogo ya kila mara, kuweka saa. Simu yake ilikuwa imeisha chaji na iko ofisini kwa meneja inachajiwa. Nami nilikuwa nimeshafika mlangoni narudi studio.

"Saa ngapi huko?" akauliza.

Nikatazama saa ya ukutani. "Saa sita na robo," nikasema, na hiyo ndiyo iliyokuwa saa, kwa kila mtu mwenye akili timamu kuanzia hapa mpaka Nangurukuru.

Sasa fikiri. Kwa miaka yote kompyuta hii ilipomuuliza saa kwa Kiingereza, alitazama simu, akaona kumi na mbili na robo, akaandika kumi na mbili na robo. Siku hiyo ilimuuliza kwa Kiswahili. Maneno yenyewe yalikuwa hayo hayo tunayoambizana majumbani: weka saa. Na Maftaha, kama mtu aliyelelewa vizuri, alijibu kwa lugha aliyoulizwa. Akaandika sita na dakika kumi na tano. Ilipotaka kujua ni ya asubuhi au ya baada ya adhuhuri, akatazama dirishani, akaona ni mchana, akachagua ya baada ya adhuhuri. Hakurudi kuitazama, kwa sababu mihogo yake ilikuwa inapoa, na mwenye njaa hana miiko. Akafunga mlango.

Kwa hiyo pale kwetu ilikuwa saa sita mchana, na ndani ya ile kompyuta ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Nilimkabidhi Ratiba hewa, nikatoka uani kutawadha kwa sala ya adhuhuri. Mvua ilikuwa bado inanyesha na kumekuwa giza kama jioni. Muadhini wa msikiti wa jirani akaanza, na wakati ule ule redio ya mlinzi wetu pale getini nayo ikaanza adhana. Nikasema alhamdulillahi, Ratiba imepona. Ungekuwa wewe ungejuaje? Adhana ya adhuhuri na ya Magharibi maneno yake ni yale yale. Nilikuwa nimeshafika kwenye miguu ndipo adhana ilipokwisha, na nikasikia sauti yangu mwenyewe, laini, yenye furaha, ikitokea getini.

"Ndugu msikilizaji, huo ulikuwa wito wa sala ya Magharibi kwa Kilwa na vitongoji vyake. Uliyefunga, futuru kwa kheri. Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu."

Sijawahi kuichukia sauti yangu kama siku ile. Nilikimbia na mguu mmoja mkavu mpaka chumba cha mitambo, nikagonga. Maftaha akafungua, mashavu yamejaa.

"Umeifuturisha wilaya nzima," nikamwambia.

Akageuka kuitazama kompyuta. Kwenye kona ya skrini iliandikwa sita na dakika thelathini na nane. "Mbona iko sawa?" akasema huku anatafuna. "Saa sita na dakika thelathini na nane."

Nikanyoosha kidole kwenye zile herufi mbili za pembeni, PM. Alizitazama muda mrefu, kisha akaimeza mihogo yote kwa mkupuo.

Mjini haikuwa balaa kubwa kama ulivyotegemea. Watu wengi walitazama nje, wakacheka, wakaendelea na mambo yao. Vijana wa stendi waliokutwa na sahani za wali mchana kweupe walisema wametii redio, pamoja na wale waliokuwa wanakula tangu asubuhi. Simu zilipigwa mpaka Agnes akauweka mkono wa simu mezani. Bwana Yasini akaandika taarifa ya kuomba radhi kwa hitilafu ya kimfumo iliyo nje ya uwezo wetu, akanipa niisome, nami nikaisoma kwa sauti ile ile iliyotenda kosa. Saa nane wageni wakaja. Waliiona skrini ya Ratiba inang'aa kwa Kiswahili, wakapiga nayo picha, wakatupa cheti cha kuienzi lugha. Siku hizi kipo ukutani kwa meneja, usawa wa macho, chini ya kiyoyozi.

Wageni walikuwa bado wanapigana picha nilipopigiwa simu na Zuhura. Alinipigia mimi kwa sababu simu ya mumewe ilikuwa bado imezimwa.

"Mama amekula," akaniambia.

Bi Biasha alikuwa amelala. Aliamka daku, akasali alfajiri, akafagia, akasoma alizozihifadhi, mvua ikaanza kupiga bati, baridi ikaingia, akajinyoosha kidogo. Kilichomwamsha ni adhana, na baada ya adhana ni mimi ninamwambia ni Magharibi. Aliona aibu. Alidhani amelala mchana kutwa, zimempita adhuhuri na alasiri, yeye mtu mzima. Akainuka haraka akitubu, akapapasa akaipata sahani ya tende, akala, akanywa maji, akamimina uji ambao jirani humwachia kwenye chupa ya chai. Kisha akasali, akatoka nje kukaa barazani kungojea Isha. Mvua ikakatika, mawingu yakafunguka, na jua likamwakia usoni. Zuhura alisema mama yake alikaa nalo muda, amelielekezea uso, anajaribu kulielewa. Jirani akapita. Bi Biasha akamuuliza, "Mwanangu, hili joto ni la nini?"

Alipoambiwa, aliingia ndani akaizima redio.

Nilikwenda kumwambia Maftaha. Nilitaka kumwambia kwa ukali, nilikuwa nimeyapanga maneno, lakini nilipofika nilimweleza tu kama nilivyoelezwa. Akafungua mdomo. "Tatizo ni," akaanza, na hakuimalizia. Alikaa chini sakafuni kati ya nyaya zake na ndiyo mara ya kwanza nikamwonea huruma, jambo ambalo lilinikera.

Kesho yake tulikwenda Kiranjeranje watatu, yeye, Zuhura na mimi, kwa kuwa sauti ilikuwa yangu na nilitaka ikaombe radhi yenyewe. Njia nzima Maftaha alikuwa anajifundisha hotuba chini kwa chini, yenye mipangilio na mitindo ya tarehe. Tulimkuta Bi Biasha barazani anasuka ukili. Redio ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni."

Nikasema langu, akaniambia, "Wewe Maimuna huna kosa, ulisema ulichopangiwa." Kisha akamgeuzia uso mkwe wake.

"Mama, ile kompyuta ilikuwa imebadilishwa lugha," Maftaha alisema, "sasa ile programu, kwa kuwa ni ya zamani, ikawa..."

"Kompyuta sikuulizi. Mimi sikuiamini kompyuta, hata habari nayo sina. Niliyemwamini ni wewe."

Hotuba ikaishia hapo. Maftaha aliinamisha kichwa, na kwa namna fulani nadhani Bi Biasha alikiona kichwa kile, kwa sababu alilegeza sauti. Alisema amemuuliza shekhe, naye amemwambia hana dhambi, aliyekosea wakati hakukusudia, ila siku ile atailipa. Na atailipa baada ya Idi, Mungu akimpa uzima. Kilichomuuma ni kwamba mwaka huu alitaka kuupokea mwezi wote na kuutoa wote, na sasa una tundu.

"Lakini siku ya kulipa, nani ataniambia limezama?" akasema. "Redio siitaki. Utakuja wewe, ukae hapa, ulitazame jua kwa macho yako."

"Nitakuja, mama."

"Na uje umefunga. Shahidi anayetafuna simtaki."

Zuhura akakohoa. Mimi nikawa natazama ukili. Maftaha akaanza kusema kitu kuhusu vidonda.

"Macho ndiyo yaliyokwenda, mwanangu," Bi Biasha alisema. "Pua ipo."

Alikwenda. Idi ilipopita, watu wote wanamalizia pilau na kujisifu walivyonenepa, Maftaha aliamka usiku akala daku. Nilikwenda nao tena, sitakudanganya kwamba nilikwenda kwa huruma. Nilitaka kuona. Asubuhi alikuwa anazungumza. Adhuhuri alikuwa anajibu tu. Alasiri alilala kwenye mkeka barazani ametazama paa, na kutoka nyumba ya jirani ilikuja harufu ya samaki wa nazi, nikaona koo lake linapanda na kushuka. Vidonda havikutokea. Labda havikuwa na habari, maana mwezi ulikuwa Shawali.

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya mikorosho, Bi Biasha alitoka na sahani ya tende, akakaa. Akachukua moja, akaishika kwenye vidole.

"Limezama?" akauliza.

Kutoka pale barazani jua halikuonekana tena. Mikorosho ilikuwa imelificha, na yeyote angeapa kwamba limekwenda. Neno moja tu, na wote wawili wangekula. Nilimtazama Maftaha. Midomo yake ilikuwa myeupe, na tumbo lake lilinguruma hata Zuhura akageuka. Aliitazama tende mkononi mwa mama mkwe wake. Kisha akainuka, akachukua kiti, akakipeleka katikati ya uwanja, akakipanda, yeye ambaye kimo kidogo tu kinamtia kizunguzungu, akanyoosha shingo juu ya mikorosho.

"Bado, mama," akasema.

Bi Biasha akaiteremsha tende mpaka kwenye goti. Maftaha alisimama pale juu, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, anatazama kitu ambacho sisi hatukioni.

"Na sasa?"

"Bado kidogo. Kimebaki kipande."

Alikitazama mpaka kikaisha. Hata kilipoisha alingoja, nadhani ili ahakikishe hakirudi.

"Limezama, mama."

Bi Biasha hakuuliza mara ya pili. Alisema bismillahi, akatia tende mdomoni, na Maftaha akabaki juu ya kiti mpaka alipomwona amemeza.